Supakondakta iko na upande: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi hufundisha fizikia sekondari huku Njoro, na wikendi zingine nabeba diski nyeusi (zilikuwa mbili, siku hizi moja), sumaku ndogo na fleski ya nitrojeni naenda kuonyesha vijana vile sumaku huelea hewani. Show yenyewe haimalizi dakika kumi juu nitrojeni inaisha, lakini maswali sasa ndio hayaishi, yananifuata hadi stejini, yananifuata hadi Kisumu nikienda nyumbani, usiku bado simu inalia. Na mengi yanarudi kwa kitu kimoja ambacho vitabu vya shule hupita mbio kama matatu imeona polisi: kwamba hizi kristali ziko na upande. Nimeyaweka hapa yote ili mtu akiuliza nimtumie tu. Kristali ni ile ile vitabu vya Kiswahili huita fuwele, usinitumie mesej ya kunisahihisha.

Kwanza kabisa, supakondakta ni nini?

Ni kitu ambacho ukikipoza kupita kiwango fulani, ukinzani wake wa stima unaisha. Sio kupungua, kuisha kabisa. Heike Kamerlingh Onnes aliona hivyo kwa zebaki mwaka wa 1911 kule Leiden, Uholanzi, kwa baridi ya kama nyuzi -269, halafu 1933 Meissner na Ochsenfeld wakagundua kitu hicho pia kinafukuza nguvu ya sumaku (mimi nitaiita sumaku tu) kutoka ndani yake. Kwa miaka mingi ikabaki mambo ya baridi kali hivyo tu, mpaka 1986 Bednorz na Müller wa maabara ya IBM karibu na Zürich wakaipata kwa seramiki yenye shaba na oksijeni, mahali hakuna mtu alikuwa anatafuta. Mwaka uliofuata ikaja ile tunaita YBCO, yaani itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, yenye inaanza kazi karibu nyuzi -180. Nitrojeni ya maji huchemka kwa -196, kwa hivyo YBCO unaipoza na nitrojeni tu na maisha yanaendelea. Diski zangu zote mbili ni YBCO. Na ni hizi seramiki zilileta hii stori ya upande kwa nguvu.

Sasa "upande" ni nini? Stima si hupita popote waya imeenda?

Kwa waya ya shaba ya nyumba yako, ndio, haijali. Atomu za shaba zimepangwa kama maboksi ya mraba, juu, kando na mbele ni sawa, na juu ya hiyo waya yenyewe ni punje ndogo ndogo zimechanganyika ovyo.

Lakini chukua kuni. Ukipiga shoka kufuata nyuzi, mkaratusi mkubwa unapasuka mara moja, ukipiga kukata nyuzi utatoa jasho mpaka jioni, na ni mti ule ule mmoja. Ama muwa wa Mumias, maji yalikuwa yanapanda kufuata urefu, sio kutoboa kando. Kristali za hizi seramiki ziko hivyo. Kuna moja inaitwa Bi-2212 (bismuthi, stronshiamu, kalsiamu, shaba, oksijeni) ambayo hata kabla ujaipoza, ukipitisha karenti kukata matabaka yake ukinzani unazidi ule wa kufuata matabaka mara maelfu mengi. Sio mara mbili ama tatu, maelfu. Hiyo tabia ya kuwa na jibu tofauti kwa kila upande ndio wataalamu huita anisotropia, na ukishaijua jina usiogope, ni kuni tu.

Inasababishwa na nini hasa?

Mpangilio wa atomu. Ndani ya YBCO kuna matabaka bapa ya shaba na oksijeni, na elektroni zinazofanya kazi zinaishi hapo. Katikati ya matabaka kumejazwa atomu zingine ambazo kazi yao kubwa ni kupea matabaka chaji na kuyaweka mbali mbali. Fikiria chapati zile za safu, zenye mama alipaka mafuta akazikunja kabla ya kusukuma: ukiivuta inachanika kwa safu, na mafuta yako katikati ya safu. Elektroni inatembea ndani ya safu bila shida, kuruka kwenda safu ya juu ndio kazi.

Vipimo viko wazi pia. Boksi moja la YBCO, lile linajirudia rudia kutengeneza kristali nzima, liko na upana wa kama nanomita 0.38 upande mmoja, 0.39 upande wa pili, na urefu wa 1.17 kwenda juu. Pande hizo ndio huitwa a, b na c, na ukisikia mtu akisema "kwa c" anamaanisha kukata safu, "kwa ab" ni kufuata safu. Tafadhali shika hiyo juu nitaitumia mpaka mwisho.

Ukinzani ukishakuwa sifuri upande unatoka wapi tena? Sifuri si ni sifuri?

Hili swali niliulizwa na msichana wa Form Three aliyekuwa amekaa nyuma kabisa akila njugu, na mpaka leo ndilo swali zuri zaidi nimewahi kuulizwa kwa hii kazi. Jibu ni kwamba yuko sawa. Ukishapita kile kiwango cha baridi, ukinzani ni sifuri kufuata safu na ni sifuri kukata safu, hakuna ubaguzi.

Lakini sifuri haisemi ni karenti ngapi inaweza kupita kabla mambo yaharibike. Chukua barabara mbili, zote hazina tuta wala shimo hata moja, moja ni leni nne na nyingine ni kichochoro cha boda kule Kondele. Zote unapita bila kurushwa, ila zile gari zinaweza kupita kwa saa moja hazilingani hata kidogo. Kila supakondakta iko na kikomo chake cha karenti, ukizidisha hapo ukinzani unarudi, na kikomo hicho kwa ab kiko juu sana kuliko kwa c. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni sumaku: kiasi cha sumaku ambacho kristali inaweza kuvumilia kinategemea sumaku inaingia kutoka wapi. Ya tatu ni umbali sumaku inapenya kwa ngozi ya kristali, ya nne ni ukubwa wa zile jozi za elektroni, zote ziko na namba mbili ama tatu badala ya moja. Kwa hivyo mtu akikwambia "hii kristali inabeba ampea kadhaa" bila kusema upande, hajakwambia kitu. Mimi siku hizi naulizanga tu, upande gani?

Kwa hivyo pia kiwango cha baridi kiko tofauti kwa kila upande?

Hapana. Hicho ni kimoja kwa kristali nzima, inaingia yote pamoja ama haiingii. Kama umepima ukaona viwili, angalia sampuli yako ama waya zako za kupimia.

Umesema jozi za elektroni ziko na ukubwa. Elektroni si ni kadoti?

Elektroni moja, sawa, lakini kwa supakondakta zinatembea mbili mbili. Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza hivyo 1957 na 1972 wakapata Nobel. Hizo mbili hazijashikana mikono, zimeachana umbali fulani, kama mtu na mchumba wake wanatembea sokoni Kibuye kila mtu upande wake wa njia lakini wanajua wako pamoja. Umbali huo ndio unatuambia supakondakta inaona dunia kwa macho ya ukubwa gani.

Kwa YBCO umbali huo ni kama nanomita 1.5 kufuata safu. Kukata safu ni kama 0.2 ama 0.3. Sasa rudi kwa lile boksi la 1.17. Unaona shida? Jozi ni fupi kuliko nafasi kati ya kundi moja la safu na lingine, yaani kwa upande wa c jozi hazijatandaza kristali nzima vizuri, ni kama kila kundi la safu ni supakondakta yake ndogo imekaa juu ya mwenzake, na jozi zinaruka pengo.

Na kuruka pengo hivyo kuna jina, ni kiungo cha Josephson, kitu ambacho watu hutengeneza kwa maabara kwa taabu sana, wanaweka supakondakta, wanaweka kizuizi chembamba, wanaweka supakondakta tena. Kwa Bi-2212 Kleiner na Müller (Müller mwingine, sio yule wa Zürich) walionyesha 1992 kwamba kristali yenyewe imejitengenezea hivyo viungo tayari. Nafasi kutoka kiungo kimoja hadi kingine ni nanomita 1.5, kwa hivyo unene wa mikromita moja tu, ambao hata huoni na macho, uko na viungo zaidi ya 600 vimepangwa kama sahani kabatini. Mwaka wa 2007 kuna watafiti waliwafanya hivyo viungo vyote viimbe pamoja vikatoa mawimbi ya terahezi, yale yako kati ya maikrowevu na mwanga. Hebu fikiria, udhaifu wa upande mmoja umegeuzwa kuwa mashine.

Sumaku ikibadilisha upande inafanya nini? Nielezee polepole.

Haya, hapa tutakaa kidogo, chukua chai.

Supakondakta za aina hii hazifukuzi sumaku yote. Sumaku ikizidi kiasi fulani inaruhusiwa kuingia kwa vishimo vyembamba kama nyuzi, kila uzi umezungukwa na karenti inayozunguka kama maji yanavyozunguka ukitoa kizibo kwa sinki. Nyuzi hizo huitwa voteksi, Abrikosov alizitabiri 1957 akapata Nobel yake 2003. Ukiongeza sumaku voteksi zinaongezeka, zinabanana, mpaka kristali inajaa na usupakondakta unaisha. Hapo ndipo kikomo cha juu cha sumaku.

Kikomo hicho kinategemea kona. Sumaku ikiingia kufuata c, yaani kutoboa safu, karenti za voteksi zinazunguka ndani ya safu, zinajaa haraka na kikomo kiko chini. Sumaku ikiingia kando kando, kufuata safu, karenti zinalazimika kuruka kutoka safu moja hadi nyingine, na huko voteksi ni nyembamba na imebonyezwa kama mpira umekaliwa, kwa hivyo zinaingia nyingi zaidi kabla kujaa na kikomo kinapanda. Uwiano wa hivyo vikomo viwili ndio namba ya anisotropia. Kwa YBCO ni kama 5 hadi 7. Kwa Bi-2212 inapita 50.

Sasa watu hufikiri ukigeuza kristali kutoka namba ndogo hadi kubwa inapanda sawa sawa kama ngazi. Haipandi hivyo. Nilikaa na kalkuleta usiku mmoja stima ikiwa imepotea nikapiga hesabu ya Ginzburg na Landau, fomula ya kikomo kwa kila kona, kwa kristali ya namba 50. Sumaku ikitoboa safu, ita kikomo 1. Ikilala kabisa na safu, ni 50. Sasa iko digrii 45, katikati kabisa, unatarajia 25? Ni 1.4. Digrii 80, karibu kulala, ni kama 5.7. Digrii 89, imebaki moja tu ifike, bado haijafika hata 38. Yaani faida karibu yote iko kwa zile digrii chache za mwisho, ukikosea digrii moja ukipanga sampuli umepoteza robo ya kila kitu. Ndio maana wenye hii kazi hupanga kristali kwa mashine ya kuzungusha inayosoma sehemu za digrii, sio kukadiria na jicho kama fundi wa mlango.

Nilisoma kuhusu "chapati" za voteksi. Ni mzaha?

Sio mzaha, ni zile chapati laini za kizungu walimaanisha. Kwa Bi-2212 safu zimeachana sana kiasi kwamba uzi wa voteksi hauko imara kutoka juu hadi chini, umekatika vipande bapa, kipande kimoja kwa kila safu, vimeshikana kidogo tu. Ukipasha joto kidogo vinateleza kila moja njia yake na karenti inaanza kupotea. Hiyo ndio sababu Bi-2212, pamoja na sifa zake zote, ukiiweka kwa nitrojeni na sumaku kubwa ikitoboa safu inakuangusha, wakati YBCO bado inasimama. Ukiipoza zaidi, hadi baridi ya heliamu, inarudi kuwa mzuri sana.

Na ndani ya safu yenyewe, a na b ni sawa?

Karibu, lakini sio sawa. Kwa YBCO kuna minyororo ya shaba na oksijeni inayokimbia upande wa b pekee na inasaidia kubeba karenti, kwa hivyo b iko mbele kidogo. Shida ni kwamba kristali nyingi zinakua zikiwa zimechanganya a na b kwa vipande pacha, ndio upate moja safi lazima uibonyeze ikiwa moto.

Lakini kuna upande mwingine umefichika na ndio ninaupenda mimi. Ili kuvunja jozi ya elektroni unahitaji enaji kidogo, na kwa hizi seramiki enaji hiyo inategemea jozi inaelekea wapi ndani ya safu. Kufuata mstari wa shaba kwenda oksijeni ni kubwa. Kwa digrii 45 katikati ya mistari hiyo ni sifuri. Ukiichora ni ua la petali nne. Mwaka wa 1993 watu walipiga picha ya elektroni kwa kutumia mwanga wakaona ua hilo kwa Bi-2212, lakini wabishi walibaki, wakasema labda ni ua tu, haimaanishi petali mbili ziko na alama ya kutoa na mbili za kujumlisha. Basi Tsuei na Kirtley wa IBM mwaka wa 1994 wakatengeneza YBCO juu ya kristali tatu zilizounganishwa kwa kona zilizopimwa vizuri, wakaweka pete ndogo pale zote tatu zinapokutana. Pete ya kawaida hushika sumaku kwa vipande vizima: sifuri, moja, mbili. Pete yao ikashika nusu. Nusu hiyo haiwezi kutokea kama alama hazibadiliki ukigeuka digrii 90. Mimi sijui kama kuna jaribio lingine safi hivyo, mtu anauliza kristali swali la upande na inamjibu na nusu.

Mwalimu, sumaku yako inazunguka vizuri papo hapo hewani lakini ukiisukuma kando inakataa. Huo si ndio upande unaosema?

Hili aliuliza daktari wa AI ya ng'ombe mwenyewe, yule hunipea nitrojeni. Hapana daktari. Sumaku yangu ni ya mviringo, ukiizungusha diski haioni tofauti yoyote, sumaku iliyonaswa ndani inabaki vile ilikuwa. Ukiisukuma kando unataka kusogeza voteksi ambazo zimenaswa, ndio inakataa. Ningeweka sumaku ya mraba ingekataa hata kuzunguka. Hiyo ni shepu ya sumaku, kristali haijasema kitu.

Ukitaka kuona upande wa kristali, chukua zile diski zangu mbili. Ya kwanza ilitengenezwa kwa kubonyeza unga na kuuchoma, punje zake zinaangalia kila mahali, na ilikuwa inainua sumaku kidogo tu kama imechoka. Ya pili iliyeyushwa ikakuzwa polepole kutoka kwa mbegu ya kristali iwe kama kristali moja, c yake inaangalia juu, kwa hivyo karenti zinazoinua sumaku zote zinazunguka kufuata safu kwa diski nzima. Hiyo ya pili naipindua juu chini na sumaku inaning'inia hapo chini bila kuanguka, vijana wanapiga kelele mpaka deputy anakuja kuangalia. Unga ni ule ule, tofauti ni mpangilio.

Kwa nini punje ovyo ziharibu hivyo? Si zinagusana?

Zinagusana lakini hazisikizani. Mwaka wa 1988 Dimos, Chaudhari na Mannhart waliunganisha kristali mbili za YBCO kwa kona mbalimbali wakapima karenti inayopita kwa mshono. Kona ikipita kama digrii 10 karenti inaporomoka, na inaendelea kuporomoka vibaya kila ukiongeza. Kumbuka jozi ni fupi sana na ua liko na petali, mshono ukiwa umepinda jozi haina mahali pa kukanyaga ngambo ya pili.

Hapo ndipo ndoto ya 1987 ya kuvuta YBCO kama waya wa shaba ilikufa. Dawa iliyopatikana ni ya kushangaza: chukua utepe wa chuma mwembamba, weka juu yake matabaka ya kati ambayo atomu zake zimelazimishwa kupanga mstari, halafu otesha YBCO juu, unene wa mikromita moja hivi, ili ifuate mpangilio huo kwa mita mamia bila kupinda zaidi ya digrii chache. Karibu utepe wote ni wa kubeba tu, kazi inafanywa na kangozi hako. Kwa Bi-2223, ndugu yake Bi-2212, ni rahisi kidogo, unajaza unga kwa mirija ya fedha halafu unavuta na kubonyeza, na kwa sababu punje zake ni bapa kama magamba ya samaki zinalala zenyewe.

Tungeweza kuvuta hiyo kutoka Olkaria hadi Kisumu tuache kupoteza stima njiani?

Kwa sasa umbali huo ni ndoto, gharama ya kupoza peke yake itakutoa machozi. Lakini kwa mji imefanywa, Essen huko Ujerumani waliweka kebo ya Bi-2223 ya kama kilomita moja ikaanza kufanya kazi 2014. Na angalia ujanja wa upande hapo: kwa kebo utepe unazungushwa kwenye kiini, na sumaku inayotokana na karenti yenyewe inalala karibu sambamba na utepe, upande ule mzuri. Kwa koili ya sumaku ni tofauti, mwisho wa koili sumaku inajipinda inatoboa utepe, na utepe wa mwisho huo ndio unaamua koili nzima ibebe kiasi gani. Mainjinia wamejaribu kupunguza hiyo shida kwa kupanda ndani ya YBCO vijiti vidogo sana vya bariamu zirkoneti vimesimama kufuata c, ili voteksi zikija kutoka upande mbaya zinaswe. Ni kama kusimamisha vigingi kwa shamba ambalo ng'ombe wa jirani huingilia kila siku.

Supakondakta zote ziko hivi?

Hapana. Niobiamu na risasi ni karibu sawa pande zote, na ile aloi ya niobiamu na titaniamu ndani ya mashine za MRI pia haisumbui na upande, ndio inavutwa kama waya wa kawaida (ila inataka heliamu ya maji). Magnesiamu daiboraidi, ambayo Wajapani walitangaza 2001, inafanya kazi mpaka -234 na iko na upande kiasi, sio mbaya, na mishono yake haiumi kama ya YBCO. Zile za chuma ambazo kundi la Hosono lilifungua njia 2008 ni za safu pia, lakini nyingi hazifiki kiwango cha Bi-2212.

Nikipata kakristali nitajuaje c iko wapi?

Kama ni Bi-2212 hata hutahitaji mashine. Inakua haraka kufuata safu na polepole kukata safu, kwa hivyo inatoka kama gamba linalong'aa, na c ni ile inayosimama wima juu ya huo uso wa kung'aa. Bandika selotepu uvute, utabandua safu kama unabandua lebo kwa chupa ya soda, na watafiti wakubwa hufanya hivyo hivyo kupata uso safi. Kwa a na b sasa itabidi miale ya eksirei.

Nitrojeni ya maji unatoa wapi huku?

Kwa watu wa AI. Na hapa siongelei AI ya simu, naongelea ile ya ng'ombe, imekuwa na hilo jina kabla hiyo ingine ianze kujulikana. Mbegu za fahali huwekwa kwa nitrojeni ya maji, kwa hivyo kila daktari wa AI anayezunguka Njoro na Molo na pikipiki yuko na mtungi wa -196 nyuma ya kiti na wengi wao hawajui wamebeba kitu cha maabara ya fizikia. Wangu huniambia, "Mwalimu, nimekupea lita mbili, usinipigie tena mpaka Ijumaa, ng'ombe za watu zinaningoja."

Tafadhali sana: usiifunge kwa chupa yenye kifuniko, ikigeuka gesi inajaa karibu mara 700 na chupa inakuwa bomu. Usiibebe ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, inafukuza hewa unayopumua. Na miwani sio ya urembo.

Mbona siku hizi unaleta diski moja?

Ile ya unga niliiua mimi mwenyewe. Mvua ya Aprili ilikuwa inanyesha, diski imetoka kwa nitrojeni imejaa barafu, barafu ikawa maji, nami nikaifunga na kitambaa kilicholowa nikaitupa kwa begi mpaka wiki iliyofuata. YBCO na maji hawapatani, inaoza polepole kuanzia kwa mishono ya punje, na ile ilikuwa mishono tupu. Nilipoipoza tena ilikaa tu hapo kama kigae, sumaku juu yake haikushtuka. Ya pili naikausha na draya ya nywele ya mke wangu, halafu naiweka kwa mkebe wa majani chai pamoja na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja kwa boksi za viatu, na nimechora mshale wa wino juu ya mkebe kuonyesha c iko wapi.